Ng'ombe Thelathini Ni Sawa na Sufuri

Nikisikia tu viatu vya ngozi vikikwaruza sakafu ya saruji, hugeuka upesi kutazama nyuma. Hata leo, na mvi zangu hizi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, huko Makina, Kibra, enzi za Mwingereza. Nafasi ya shule ya juu ilikuwa moja tu, kati yangu na Zamzam, mpwa wa Mwalimu Rajabu. Baba, askari mstaafu, alikwisha kununua kitambaa cha sare. Mtahini alikuwa Rajabu huyo huyo. Namtaja kwa jina, na sioni haya.

Swali alilisoma kwa mdomo: "Mzee kafa. Mkewe kapata thumuni ya ng'ombe, bintiye nusu, nduguye kachukua kumi na tano waliobaki. Walikuwa wangapi?"

Sasa, ndugu zangu, sumuni mnaijua: senti hamsini, ile ya kutumwa dukani. Nusu shilingi. Mimi niliijua hiyo tu, na sikioni mwangu thumuni ya Mwalimu ilikuwa hiyo hiyo. Basi nikaandika kwenye kibao: nusu ya x, jumlisha nusu ya x, jumlisha kumi na tano, sawa na x. Nikazidisha kila kitu kwa mbili ili visehemu viondoke, kama tulivyofunzwa. X zote zikafa. Ikabaki 30 = 0.

Ile sufuri ilinikodolea kama jicho. Nikafuta kwa mate, nikarudia. Ng'ombe wakatoweka tena. Viatu vya Mwalimu vikaja, vikasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake shingoni. Kisha vikaenda zao, taratibu, hadi kwa Zamzam.

"Hebu njooni muone!" alisema baada ya kusahihisha. "Binti wa askari kachinja ng'ombe thelathini, hata mfupa haukubaki!"

Darasa zima likacheka. Zamzam akaenda shule. Mimi nikakalishwa nyumbani kusuka ukili wa mikeka, na vidole vyangu vikawa vinahesabu ng'ombe ambao hawakuwapo.

Miaka ikapita, Baba akafariki. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vinane. Shehe akagawa: "Mjane, thumuni." Mama akaonyeshwa chumba kimoja.

"Shehe, si nusu?" nikauliza.

Wazee wakaangua kicheko. "Nusu! Thumuni ni moja ya nane, binti yangu."

Mwalimu Rajabu, aliyekaa nao mkekani, hakucheka. Ndipo nikajua. Siku ile ya mtihani aliiona nusu yangu ya kwanza, ile ya mke, akajua ilikotoka, na neno moja tu lingetosha. Akalimeza.