Mukandekezi Arudi Kinyinya

Mukandekezi hakutaka kwenda popote siku ile. Ilikuwa Ijumaa ya Umuganura, sikukuu ya mavuno, na nchi nzima ilikuwa mapumzikoni. Lakini Agosti ni mwezi wa harusi, na fundi wa mishanana, mavazi ya sherehe ya wanawake wa Kinyarwanda, hapumziki Agosti. Katika chumba chake cha mbele, kinachotazama barabara ya Gisimenti, mtaani Remera, meza ilikuwa imejaa vitambaa vya wapambe wa bibi harusi, na mmoja wa wapambe hao alikuwa amenenepa tangu apimwe.

"Mama, ni siku moja tu," Shyaka, mwanawe wa kwanza, alimsihi kwenye simu. "Bustani ya michezo imefunguliwa tangu mwaka jana. Kigali yote imeshaiona, umebaki wewe. Na iko kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kinyinya, Mama. Kwetu!"

Mukandekezi alitazama vitambaa, akasema sawa.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, si mtu wa maneno mengi. Alizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, binti wa mwenye duka, na Kiswahili ndicho alichokipigia kelele utotoni. Huko ndiko alikoolewa na Kagabo, dereva wa lori, Mnyarwanda mwenzake aliyezaliwa ugenini. Waliporudi nyumbani miaka ya tisini na watoto wawili wadogo, Kagabo alikataa kukaa mjini. Alitaka kilima, alitaka majani, alitaka ng'ombe. Akapata kipande cha ardhi Kinyinya, wakati huo Kinyinya ikiwa shamba tupu, akajenga nyumba ya vyumba vinne na zizi nyuma yake. Walikaa hapo mpaka Kagabo alipofariki. Mwaka uliofuata mjane akauza, akahamia Remera na cherehani yake. Aliyenunua alikusanya viwanja vyote vya jirani, na baada ya miaka mingi ya kuviacha vikiota magugu, pakaota bustani ya michezo.

Shyaka alikuja kumchukua asubuhi ile ile. Ndani ya gari alikuwamo dada yake Gaju, mwuguzi, ambaye alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili aje, na Kaliza, binti wa Shyaka, mwenye umri wa miaka tisa. Mke wa Shyaka alikuwa kwao Huye. Njiani Shyaka aliongea bila kupumua, akionyesha hiki na kile, na mara mbili Gaju alimfinya begani asimalize sentensi. Mukandekezi aliona. Hakuuliza.

Kinyinya hakuitambua. Mahali pa migomba palikuwa na maghorofa. Mahali pa maghorofa yajayo palikuwa na nguzo za zege na mafundi, na vumbi la kiangazi lilikuwa limetanda juu ya kila kitu. Alipotea kabisa mpaka waliposhuka langoni, wakafungwa bangili za karatasi mikononi, akaona jinsi ardhi ilivyoteremka kuelekea bondeni. Mteremko ule miguu yake iliujua.

Kaliza alitaka vyote kwa pamoja. Walianza na mashua kubwa ya chuma inayobembea huku na huku mpaka watu wanainamia angani. Gaju alikataa, akasema tumbo lake ni la serikali, analihitaji Jumatatu. Shyaka alisema atapiga picha. Basi Mukandekezi akapanda na mjukuu wake. Mashua ilipokwenda juu mara ya kwanza alishika chuma kwa mikono miwili. Mara ya pili akauachia mkono mmoja, ashike kilemba.

"Bibi, iko juu sana!" Kaliza alipiga yowe.

"Naona," alisema Mukandekezi.

Waliposhuka, Shyaka hakuwataka waende kwingine. Aliwaongoza hadi kwenye mparachichi mkubwa uliozungushiwa mabenchi, watu wakila vibanzi kivulini mwake. Akawaomba vijana waliokuwa benchi moja wasogee kidogo.

"Hapa, Mama. Simama hapa, uegemee. Huu ni mparachichi wetu. Wameuacha, waona? Nataka picha yako ukiwa mlangoni pa nyumba yako."

Gaju alikunja uso. "Huu si wetu, Shyaka. Wetu ulikuwa upande wa zizi."

"Gaju, ulikuwa mdogo."

"Nilianguka kutoka juu yake! Nina kovu!"

Walibishana kama walivyokuwa wakibishana wakiwa watoto, Kiswahili kikiwaishia wanaingia Kinyarwanda, hadi wote wawili wakamgeukia mama yao kama watu waliofika kwa hakimu.

"Wetu ulikatwa," alisema Mukandekezi. "Huu ni wa yule jirani aliyekuwa akifyatua matofali." Akaonyesha kwa kidevu paa jekundu la banda la vigari vya kugongana, hatua chache kutoka pale. "Nyumba ni pale. Sebule ni pale penye foleni. Zizi ni hapo kwenye vyoo."

Gaju alicheka. Shyaka hakucheka. Alilitazama lile banda, muziki ukivuma na vigari vikigongana, akavua kofia yake. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Pole, Mama," alisema.

"Pole ya nini?"

"Ya nyumba. Najua uliuza kwa uchungu. Baba ameondoka, usingeweza kukaa peke yako na kumbukumbu zote zile. Najua."

Pole hiyo Mukandekezi alikuwa ameipokea miaka mingi. Aliipokea kwa majirani, kwa mchungaji, kwa shemeji zake, na kila mara alijibu asante, kwa sababu asante ni fupi kuliko maelezo. Angeweza kujibu asante na siku hiyo pia. Lakini jua lilikuwa kali, mwanawe alikuwa analia hadharani juu ya jambo ambalo halikuwapo, na hilo hakuweza kulitazama.

"Shyaka," alisema, "ile nyumba sikuipenda hata siku moja."

Kaliza, aliyekuwa akivuta mkono wa shangazi yake aende kwenye vigari, aliacha kuvuta.

"Usiseme hivyo, Mama."

"Nasema ilivyokuwa. Nyinyi mnakumbuka siku ambazo baba yenu alikuwapo. Lori linaegeshwa barabarani, mnakimbia, ana samaki wa Mwanza, ana machungwa, nyumba inajaa watu. Nami siku hizo nazikumbuka, zilikuwa nzuri. Lakini alikuwa barabarani wiki tatu kwa moja. Zile tatu zilikuwa zangu. Maji bondeni. Matope mpaka kwenye magoti. Ng'ombe akiugua usiku, ni mimi. Wateja wangu wako Remera, natembea gizani kwenda na gizani kurudi. Nilikuwa nataka kukaa mahali penye taa na watu. Nilipouza, sikuuza kwa uchungu. Nilihesabu siku za kuhama kama bibi harusi."

Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, wasemavyo wahenga. Lakini hawa walilala ndani yake, tena usingizi mzito, na ndiyo maana hawakujua. Usingizi ule ulikuwa na mtu aliyeulinda.

Shyaka alivaa kofia yake. "Nakwenda kununua maji," alisema, akaondoka.

Alikawia. Gaju alikaa benchi kando ya mama yake, akaizungusha bangili ya karatasi mkononi.

"Mama, kuna jambo. Alitaka kukuambia leo, baada ya kula. Amenunua kiwanja."

"Wapi?"

"Hapo juu, nyuma ya bustani. Kutoka hapa unafika kwa miguu. Anataka kukujengea nyumba, vyumba vinne kama ile. Amekusanya miaka mitano. Mimi nimechangia kidogo."

Mukandekezi aliangalia viatu vyake. Alifikiri juu ya mwanawe akikusanya, miaka mitano, na mkewe akikubali. Lilikuwa jambo kubwa, na alijua ni kubwa.

"Kwa nini hamkuniuliza?"

"Alitaka kukushtukiza."

"Amenishtukiza," alisema Mukandekezi.

Kaliza hakuweza kungoja zaidi. Vigari vilikuwa vikibadilisha watu, na mtoto haruhusiwi bila mtu mzima. Bibi akasimama. Wakapanga foleni, yaani walisimama sebuleni, na Mukandekezi alijaribu kuona kama atahisi kitu. Alihisi joto la bati na harufu ya plastiki. Pale mbele, alipokaa yule kijana wa kukagua bangili, palikuwa na dirisha alilokuwa akiwekea taa ya mafuta lori lilipochelewa. Hilo alilikumbuka, likapita.

Aliketi kwenye kigari cha manjano, magoti yakimgusa kidevu, Kaliza kando yake. Hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Mume wake aliendesha magari miaka thelathini na hakuwahi kumwambia njoo ujaribu, naye hakuwahi kuomba. Kigari kilizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa, kisha kikarudi nyuma, kisha kikaenda mbele ghafla na kumgonga baba mmoja mnene aliyekuwa na watoto wawili. Mukandekezi alitaka kuomba radhi, lakini yule baba alikuwa ameshamgeukia kulipiza. Akaona kwamba hapa radhi haiombwi. Basi akakaza usukani, akamfuata.

Alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumbo, kilichomshangaza mwenyewe, na kilemba kikamwangukia shingoni.

Alipoinua macho alimwona Shyaka kwenye uzio, chupa za maji mikononi. Alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama picha ya mgeni. Mukandekezi alikiendesha kigari hadi pale.

"Ingia," alimwambia. "Kile chekundu kiko tupu."

"Mama, nimeshika maji."

"Yaweke chini."

Akayaweka chini, akaingia. Alikaa kwenye kigari chekundu wima kama yuko ofisini. Mama yake alimgonga ubavuni, akamgonga tena, na Kaliza akashangilia. Shyaka alitabasamu kwa adabu. Hakumgonga mtu.

Walikula mchana kwenye meza za plastiki: mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma na pilipili. Shyaka alikula kidogo. Mwishowe alifuta mikono, akauliza.

"Baba alijua?"

"Alijua. Nilimwambia mwaka wa pili tu. Akasema tutahamia mjini ng'ombe wakizaa."

"Kisha?"

"Ng'ombe wakazaa."

Gaju alificha uso kwa kitambaa cha karatasi, mabega yakitikisika. Safari hii hata Shyaka alishindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani, lakini kilikatika upesi.

"Kwa hiyo hukuwa na furaha," alisema. "Miaka yote ile."

"Sikusema hivyo. Nilimpenda baba yako. Nyumba sikuipenda. Ni vitambaa viwili tofauti, usivishone pamoja." Alisukuma sahani mbele ya mwanawe ili ale. "Haya, nionyeshe hicho kiwanja."

Shyaka alimtazama Gaju kwa hasira. Gaju akaangalia angani.

Walikwenda kwa miguu, jua likianza kupoa. Kiwanja kilikuwa juu ya njia ya vumbi, kimewekewa vigingi vya mti vyenye utepe mwekundu. Kutoka hapo bonde lote lilionekana, na ng'ambo yake vilima vilivyojaa mapaa. Upepo ulikuwa mzuri. Mukandekezi alikizunguka chote pembe kwa pembe, polepole, kama anavyomzunguka mteja kabla ya kumpima. Shyaka alisimama katikati na mikono mfukoni.

"Maji ya bomba yapo?" mama yake aliuliza.

"Yapo. Na umeme. Na barabara itawekwa lami mwakani, wamesema."

"Kiwanja kizuri sana. Jenga."

"Mama, umesema hutaki."

"Mimi sitaki. Wewe unapataka. Tangu asubuhi unasema kwetu, kwetu. Umelipia nyumba miaka mitano unasema ni yangu, kumbe ni yako. Jenga, ukae na mkeo na mtoto. Mimi nitakuja kula Jumapili, kisha mtanirudisha Remera."

Shyaka aliinama, akakikaza kigingi kimoja kilichokuwa kimelegea, ingawa hakikuwa kimelegea sana.

Kwenye gari Kaliza alisimulia vigari mpaka akalala begani kwa shangazi yake. Gisimenti ilikuwa imeshaanza jioni yake: moshi wa nyama, muziki wa baa mbili ukipigana katikati ya barabara, pikipiki zikijipenyeza. Shyaka alishuka kumfungulia mama yake mlango. Alisimama kidogo kando ya barabara, katika kelele zile, akilitazama dirisha dogo lenye cherehani.

"Hapa unalala vizuri?" aliuliza.

"Kama jiwe," alisema Mukandekezi.

Shyaka alinuna mwezi mzima. Alipiga simu, lakini alikuwa akiuliza afya tu na kuaga. Kisha msingi ukachimbwa. Nyumba ilikwisha kabla ya masika ya pili, vyumba vitatu badala ya vinne, na mapazia yote alishona Mukandekezi, akimlalamikia mkwewe kwamba madirisha ni makubwa mno. Siku ya kuhamia alikula, akaimba na wageni, na jua lilipokuwa bado liko juu akauliza nani anakwenda upande wa mjini.

Siku hizi Shyaka akitoka kazini hupitia Gisimenti mara kwa mara. Huketi kwenye benchi la wateja, hunywa chai, huuliza maswali ambayo hakuwahi kuyauliza. Juzi alitaka kujua nani alikuwa akikamua ng'ombe, Baba akiwa safarini na kijana wa kuwachunga ametoroka.

"Mimi," alisema Mukandekezi, pini zikiwa mdomoni.

Shyaka aliweka kikombe chini. Kwa mila yao mwanamke hakamui ng'ombe. Hata yeye, mtoto wa mjini, hilo alilijua.

"Majirani hawakukuona?"

"Nilikuwa nafunga mlango wa zizi." Alitoa pini moja, akaichomeka kwenye pindo. "Na maziwa mkayanywa."