Miguu ya Mkwe Wangu

Ipo siku moja, mwanangu, miaka imepita na bado naikumbuka kila ninaposahihisha mitihani yenu. Leo nimesahihisha tena, macho yananiwasha na mgongo umekataa. Wote mmejibu vizuri jinsi sukari inavyoua hisia miguuni. Ngoja nikwambie, maana hata mimi nilijibu vizuri.

Nilikuwa binti wa chuo cha uuguzi hapahapa Songea, mchangamfu, nimejaa ndoto. Mifupa ishirini na sita ya unyayo niliitaja yote huku nakatakata mboga. Tulipopelekwa wodini kujifunza kazi, nikapangiwa Mzee Ngonyani, mkulima wa Mpitimbi, anaumwa sukari. Kumbe ni baba mdogo wa kijana aliyekuwa ameshanitolea posa. Yaani mkwe wangu.

Unajua kwetu mkwe ni mkwe. Humfunui, humshiki miguu, hata kumtazama sana usoni ni taabu. Na agizo la mwalimu wetu, Mama Komba, lilikuwa hili: kila asubuhi mvue mgonjwa soksi, tazama nyayo, tazama katikati ya vidole, ndipo uandike.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Miguu mizima hii, andika tu. Usije ukanivua soksi watu wakatucheka."

Nikaandika: miguu mizima. Siku nne nikaandika hivyohivyo, kwa mwandiko mzuri.

Siku ya tano Mama Komba alipita, akasimama, akanusa. Akainama akavuta soksi mwenyewe. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na chini yake kidonda kimechimba. Labda mzee alikanyaga kisiki cha muhindi shambani. Hata yeye hakujua.

"Nani ameandika hapa?"

"Mimi, Mwalimu."

"Uliiona hii miguu?"

Nikaitazama soksi mkononi mwake.

"Usimgombeze," mzee akasema. "Ni mimi nilimkataza. Na wala hakiumi."

"Ndiyo shida yenyewe, mzee wangu. Kingeuma, ungetuita."

Mama Komba akanitoa nje kwenye baraza. Nilitegemea makofi, lakini aliongea kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechoka. Sasa ndiyo naielewa ile sauti. "Mficha uchi hazai, binti yangu. Ungeniambia ni mkwe wako, ningempa mwenzako kazi hiyo, yakaisha. Aibu ilikuwa yako. Umemwachia mgonjwa aibebe."

Walimkata mguu chini ya goti. Mtu wa jembe, mwanangu, mwenye mteremko wa mahindi na maharage. Nilitaka kuacha chuo. Yeye ndiye aliyenitumia neno nisiache.

Kwenye harusi yangu alikuja na magongo, akakaa mbele kabisa. Nilipopiga magoti kumwamkia akaniambia, "Mkwe, umebaki mmoja. Huu sasa uangalie."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka na machozi yananitoka.

Baadaye nami nikawa mwalimu, nimefundisha mengi: moyo, figo, mapafu, malaria, kifua kikuu, presha. Nachora ubaoni, mnanakili, mnafaulu. Nachoka, sikufichi. Nachoka kwa sababu ubaoni hakuna mkwe. Ubaoni hakuna mzee wa rika la baba yako, wala shehe wa Tunduru asiyetaka kushikwa na mwanamke, wala mama aliyekulea. Mwili niliokuchorea hauna mwenyewe. Wodini kila mwili una mwenyewe, na mwenyewe ana heshima zake.

Kwa hiyo sikia. Usiandike usichokiona. Heshima yetu usiitupe, ni nzuri. Ila ikikuzuia mkono, sema siku hiyohiyo, aitwe mwenzako. Mgonjwa akikwambia mzima, mshukuru, halafu tazama. Na ukikosea usikimbie. Rudi kazini na kosa lako, litakufundisha kuliko mimi.

Basi nenda wodini, mwanangu. Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usioogopa kusema ukweli. Wale utakaowaosha na kuwageuza wakuombee mema, na siku yako ya kulala kitandani ikifika, akuhudumie mtu anayekutazama kweli.