Samli Iliyoganda Moyoni

Miaka ile ya sitini niliamini kabisa kwamba mtu akila pilau kisha akanywa maji ya barafu, samli humgandia moyoni. Mjini kwetu, kuanzia mtaa wa Majengo hadi Ganjoni, watu walisema hivyo, nami, mhitimu wa masomo ya jioni, nikisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Dada yangu alipoanza kuhema akipanda ngazi za nyumba yetu ya Ndia Kuu, nilimnywesha tangawizi ya moto mapipa kwa mapipa, samli ipate kuyeyuka.

"Kaka, utanichemsha kama kaa," alisema, na miguu imemvimba.

Nilipompeleka hospitalini, nilikwenda na birika langu la tangawizi. Daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akamuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa sana na koo, kisha viungo. Dada akasema ndiyo. Nilikuwa nimelikumbatia birika, wala sikuhisi moto wake.

"Nimpe kikombe kingine, daktari?"

"Samli haihusiki, bwana," akajibu. "Kinga ya mwili wake ilipopigana na ugonjwa wa koo, iliushambulia na moyo. Vilango vya kupitishia damu vimeharibika, na tangawizi haivitengenezi."