Maji ya Dawa

Kazi yangu ilikuwa kukamata mende. Shule moja ya sekondari pale Bwera ilinipa koti jeupe lililochanika kwapani na ufunguo wa maabara, na kila mtihani wa vitendo wa bayolojia ulipokaribia nilizunguka vyooni na chupa ya plastiki nikitafuta mende wa kutosha, kila mwanafunzi na wake. Mwaka mwingine walitaka vyura, nikashuka mabondeni kando ya mto Lhubiriha. Wanafunzi waliniita Daktari wa Mende, nami niliitikia. Nilikuwa na kidato cha nne tu. Kabla ya hapo nilikuwa nimepima pamba Kitswamba, nimeuza mkaa Muhokya, nimepakia samaki Hamukungu, na kote huko hakuna aliyewahi kuniita daktari, hata kwa dhihaka.

Maabara ile naikumbuka hadi leo. Kilikuwa chumba cha mabati chenye meza nne za mbao, na asubuhi, kabla wingu halijafunika milima, jua liliingia kwa dirisha la mashariki na kuiwasha mirija ya kioo yote kwa pamoja. Nilipenda kukaa humo peke yangu. Sijakaa mahali pengine nikatamani kubaki.

Katika darasa la watahiniwa la mwaka 2018 kulikuwa na msichana kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, miaka ishirini hivi, kwa sababu alipovuka mpaka alirudishwa madarasa mawili nyuma ili ajifunze Kiingereza. Aliishi na shangazi yake aliyeuza samaki wa chumvi katika soko la Mpondwe. Alitaka kuwa muuguzi. Shule ya wauguzi huko Kasese mjini ilikuwa imekwisha kumwona na kumwambia wazi: lete cheti chenye bayolojia uliyofaulu, nafasi yako ipo, bila bayolojia usisumbuke kupanda gari. Shangazi alikuwa ameshamshonea hata sare.

Jioni alikuja maabara kufanya mazoezi wakati mimi naosha vyombo.

"Papa wa labo," aliniambia siku moja, "kwa karatasi ya kuandika Kiingereza inaniangushaka. Batoto beko nanicheka. Lakini kwa hii ya kufanya na mikono, mimi siogopi."

"Kwa nini huogopi?"

"Juu macho haina Kiingereza wala Kifaransa."

Nilicheka. Kisha nikamwambia neno ambalo nililisikia kwa mwalimu wangu mwenyewe, nami nikalitoa kama langu: "Basi andika kile macho yako yanaona. Usiandike kile kitabu kinasema. Mtihani wa vitendo ni huo tu."

Alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika sala.

Mwaka ule Ebola ilikuwa imewaka ng'ambo, Beni na kisha Butembo kwao. Pale mpakani kila aliyevuka alinawa mikono na kupimwa joto kwa kile kifaa cha kuelekezwa kwenye paji la uso, watoto wakisema wamepigwa risasi. Shuleni nako tuliweka pipa la klorini langoni. Hakuna aliyeingia bila kunawa. Mikono yetu ilichubuka. Nguo, vitabu, hata bundu, ule ugali wa muhogo tulioula mchana, vyote vilinukia klorini, na baada ya miezi miwili pua zikazoea, tukaacha kuisikia kabisa.

Mama aliyelinda pipa aliajiriwa wakati huo huo. Alikuwa mjane, naye wa ng'ambo, mwenye bidii ya kutisha: mwalimu mkuu mwenyewe alimrudisha nje siku moja akanawe upya. Kwa kuwa bomba lilikuwa limekauka, alikabidhiwa maji yote ya shule, ya kunywa, ya jikoni na ya mvua.

Sasa nieleze jambo dogo. Maabara yetu haikuwa na maji yale safi ya kiwandani. Tulitumia maji ya mvua niliyoyachuja kwa kitambaa. Tangu nianze kazi pale, maji hayo tuliyaita maji ya dawa, yaani maji ya kuchanganyia dawa za maabara. Mpishi wa zamani, aliyetunza maji kabla ya mama huyu, alijua hivyo, mwalimu wa bayolojia alijua hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba neno linaweza kuhama nyumba bila kuaga.

Siku moja kabla ya mtihani nilimpitia mama wa pipa langoni.

"Mama, kesho asubuhi na mapema niwekee jerikeni moja ya maji ya dawa kwa mlango wa labo."

"Moja tu?"

"Moja inatosha. Lakini iwe ya dawa kweli, mama, si ya jikoni. Ni ya mtihani."

"Mwanangu, mimi nafanyaka kazi ya mchezo?"

Asubuhi nikaikuta mlangoni, imefunikwa vizuri. Bahasha ya mtihani ilikuwa imefunguliwa. Mwaka huo hawakutaka mende wala chura. Walituma unga wa kimeng'enya katika pakiti ndogo. Niliuyeyusha, nikatengeneza maji ya wanga, nikagawa mezani. Jaribio lenyewe kila mwanafunzi alilijua tangu kidato cha pili: changanya wanga na kimeng'enya, ngoja dakika kumi, dondosha kwenye kigae cheupe, tia ayodini. Kimeng'enya kikiwa kimekula wanga wote, ayodini inabaki kahawia. Katika mrija wa pili unachemsha kimeng'enya kwanza kife, na huo ndio unaokuwa mweusi wenye buluu.

Msimamizi alitoka shule nyingine. Alizungumza kama askari wa kambini. "Macho kwa karatasi yako! Wewe, shingo hiyo ni ya twiga?" Mimi nilisimama dirishani na ndoo na kitambaa, kama ilivyokuwa kazi yangu.

Dakika kumi zikapita. Niliona vigae kutoka pale nilipokuwa. Vyote vilikuwa vyeusi. Mrija wa kwanza mweusi, wa pili mweusi, meza hadi meza. Wavulana wa mbele walitazamana, wakainamisha vichwa, wakaandika. Msichana wa Butembo alirudia jaribio toka mwanzo. Likawa jeusi. Akanyoosha mkono.

"Sir, both black," alisema.

"Andika unachoona," alisema msimamizi bila kunyanyuka.

Akanitazama mimi. Sikuruhusiwa kusema neno. Nilitikisa kichwa kidogo kukubali, naye akainama akaandika.

Walipotoka, wavulana walichekana chini ya mabati.

"Wewe ulitia rangi gani?"

"Kahawia, mzee! Hata sikuangalia. Nani anaangalia?"

"Na yule Mukongomani alirudia mara mbili! Alifikiri ayodini itamuonea huruma!"

Nilibaki ndani na ile jerikeni. Niliinama nikanusa, sikusikia kitu. Nikaionja kwa ncha ya ulimi, ikauma. Nikaenda langoni.

"Mama, ile maji uliniletea ulitoa wapi?"

"Kwa pipa. Si ulisema ya dawa? Nikaongeza hata kijiko ingine, juu ulisema iwe ya dawa kweli."

Klorini ilikuwa imekiua kimeng'enya kabla mtihani haujaanza. Nilikiua mimi, kwa neno langu.

Jambo hili bado lilikuwa na tiba. Mwalimu wa bayolojia alipaswa kujaza fomu ya ripoti: vifaa vilikuwaje, kulikuwa na tatizo gani, matokeo ya jaribio alilofanya mwenyewe. Wasahihishaji huisoma fomu hiyo kabla ya kusahihisha. Mwalimu alikuja saa kumi akiwa na haraka, kwa maana alikuwa na vipindi shule nyingine.

"Kila kitu kilienda sawa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Maji ulitumia gani?"

"Ya mvua."

"Ya dawa, ile ya kawaida?"

"Ile ya kawaida."

Akaandika kahawia, akasema yeye hana muda wa kufanya jaribio la watoto wa kidato cha pili. Akatia sahihi. Bahasha ikafungwa mbele yangu.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuwa namlinda yule mama mjane. Si kweli. Wakati ule hata sikumfikiria. Nilifikiria koti lile, na ufunguo, na jua la asubuhi kwenye mirija.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata, yakabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Wavulana wa kahawia walifaulu. Msichana wa Butembo alikuwa ameanguka bayolojia. Karatasi ya kuandika kwa Kiingereza ilimpa kidogo kama alivyotazamia, na ile ya vitendo, aliyoitegemea, ikamnyima. Alikuja maabara na kijikaratasi cha matokeo yake mkononi. Hakuwa analia. Kama angelia pengine ningesema.

"Papa, benzangu bote beko nasema ilikuwa kahawia. Mimi niliona nyeusi. Niliona mubaya?"

Nilikuwa naosha vigae. Niliendelea kuviosha.

"Wakati mwingine rangi inadanganya," nilisema. "Hasa mtu akichoka."

"Basi ni macho," akasema. Akanishukuru kwa mazoezi yote, akaondoka.

Sikufika Pasaka pale. Nilirudisha ufunguo, nikaenda Kasese mjini kulinda ghala, kisha Katwe, kisha nikarudi tena Muhokya. Kila mahali nilikaa mpaka nikaanza kulala vizuri, halafu nikahama.

Mwishoni mwa mwaka huo nilipita soko la Mpondwe nikamkuta shangazi mtu, anapanga samaki wake juu ya gunia. Alinitambua kabla sijamsalimu.

"Mutu wa labo! Ulipotelea wapi?"

Nikamwuliza msichana. Amerudi ng'ambo, akasema, ameolewa na fundi wa pikipiki. Ile sare aliiuza. Hakutaka kurudia mtihani, walimsihi wakachoka. "Anasema macho yake ilimuangusha. Alinunua miwani hapa hapa sokoni, ile ya plastiki ya wazee. Anaivaa kutwa nzima, inamuumiza kichwa. Wewe uko musomi, uniambie: mutoto wa miaka ishirini, macho inaharibika namna gani?"

Nilimwambia. Nilisimulia yote pale nimesimama, jerikeni, mama wa pipa, fomu, swali la mwalimu na jibu langu. Wateja wawili walikuja wakangoja, mmoja akaondoka. Nilipomaliza, shangazi alikuwa ameshika samaki mmoja mkononi bila kumweka.

"Macho yake iko muzuri," akasema.

"Ni mazuri. Yeye peke yake ndiye aliyeandika alichokiona."

"Na ile shule ya wauguzi, wanaweza kumurudisha?"

"Hapana. Karatasi zilishasahihishwa."

Alimweka yule samaki chini. Akamgeukia mteja aliyebaki, akamwuzia, akafunga kwa gazeti. Kisha akanitazama.

"Sasa analaumu macho yake tu. Nikimuambia atavua miwani," akasema. "Halafu atakaa na nini?"

Nilingoja aseme kingine. Mteja mpya alikuja, nikasogea kumpisha.