Waliandika Kinanda Changu ni cha Mtoto

Shule niliachia darasa la tano, na leo niko na nyumba saba za kukodisha hapo Kianda, Kibera, zote nimejenga kwa vidole hivi vya kubonyeza kinanda. Kwa hivyo mtu asinifundishe historia ya muziki wa densi wa mashine. Hiyo historia ni mimi.

Jumamosi moja mchana rafiki yangu, fundi wa redio wa Kawangware, alinipigia simu kutoka ukumbi ulio karibu na zile nyumba mpya za serikali, Soweto East. Vijana walikuwa na maonyesho ya historia ya muziki wa densi wa elektroniki wa Nairobi.

"Kuja haraka. Kinanda chako kiko hapa juu ya meza. Lakini usije na panga."

Kinanda nilikuwa nimemwachia dukani kwake. Akawapa hao watoto bila kuniuliza, mjinga yule.

Nilifika nikasoma kikaratasi walichobandika kando yake: "Kinanda cha mtoto cha kuchezea."

Cha mtoto! Ohangla, ngoma ya kwetu ziwani, ilitaka wanaume watano na ngozi za kenge. Mimi niliingiza wote watano ndani ya hicho kinanda, nikapiga peke yangu. Wazee walisema mashine haitoi jasho, haiwezi kuchezesha mtu. Nikawachezesha mpaka kofia zikaanguka. Kuna matanga nilibonyeza vibaya ikatoka nyimbo ya Krismasi, na waombolezaji wakaicheza hiyo pia.

Ukutani waliandika kwamba ule mtindo wa kukata mdundo ghafla, halafu kuurudisha kwa kishindo, ulitoka ng'ambo. Hapo damu ikanipanda.

"Huo ni wangu!" nikamwambia msichana aliyesimamia maonyesho.

"Pole, mzee. Uko na picha ama video?"

"Picha? Watu walikuwa wanacheza! Nani angeshika kamera?"

"Sasa tutaandikaje bila shahidi?"

"Mimi ni shahidi," fundi akasema.

"Wewe ni beshte yake," akamcheka.

Sikubishana. Nilichomeka kinanda kwa spika zao, nikaanza. Vijana wakacheka, halafu viuno vikawasaliti. Mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Kianda alisikia akipita, akaingia na beseni yake kichwani, mkono juu. Kwetu mtu akiinua mkono kwenye densi, muziki unasimama ili ajisifu. Nikachomoa waya.

"Mimi mama wa omena isiyo na mchanga!" akapaza sauti. "Na hiyo waya naijua! Mume wangu alikuwa anajisifu kwa harusi yetu, mashine ya huyu ikakataa kunyamaza. Akabonyeza kila kitu, wapi! Mwisho akang'oa waya. Aliporudisha, mama mkwe akaruka hivi!"

Akaruka na beseni yake. Ukumbi wote ukaangua kicheko.

Ni kweli. Kitufe kilikwama, nikang'oa waya kwa woga. Kile kishindo cha kurudi kiliwapandisha watu wazimu, na tangu siku hiyo kila harusi, Kibera mpaka Kawangware, wakawa wananipigia kelele, "Ng'oa! Ng'oa!" Lakini miaka yote nimewaambia watu kwamba nilikaa chini nikafikiria.

Msichana akachukua kalamu. "Hii sasa naweza kuandika, mzee. Kitufe kilikwama, ukang'oa waya."

"Andika nilibuni."

"Shahidi hajasema hivyo."

Nikamgeukia fundi. Akaangalia dari. Mama wa omena naye ameshika kiuno, ananingoja. Ningeondoka, ng'ambo wangebaki na mdundo wangu.

"Andika kilikwama," nikasema, meno yameumana. "Lakini majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa."

Nikakirarua kile kikaratasi cha "mtoto" mwenyewe, halafu nikasimama nyuma ya msichana akiandika, herufi kwa herufi, maana hawa waliosoma ukiwaacha peke yao wanakuandikia mambo yao.