Fundi Turubai Akijaribu Tanga

Fundi turubai wa uchochoro wetu wa Kariakoo hushona pia matanga ya wale wanaoteleza baharini juu ya ubao. Yeye bahari huishia kuitazama, ila upepo anaujua. Kila tanga akilimaliza hulisimamisha barabarani, magoti kayakunja, mkono wa nyuma kaulegeza ili upepo upite. "Usishindane na upepo," huwaambia wateja, kama vile wamekuja darasani. Jana ulivuma mkali, naye akalituliza tanga kabisa, mpaka alipotokea Bi Sitara na beseni lake la vitumbua. Mtu mzima hapiti bila fundi kumwamkia, tena kwa kuinama. Akainama, mkono wa nyuma ukalivuta tanga. "Shika..." Tanga likajaa, likamvusha barabara. Kutoka ng'ambo, ndani ya lundo la mitumba, tukasikia, "...moo, bibi!"

"Marahaba," akajibu Bi Sitara, beseni kalikumbatia. "Na ya kesho nimeshaipokea."