Kopo la Udongo

Bwana mifugo wa Dunda ana kopo la udongo safi kando ya sabuni. Kila akimaliza kumshika mbwa hulifungua bila haraka, akajisugua kwa udongo na maji mpaka viwikoni, kama sheria ya Kiislamu inavyotaka kwa najisi ya mbwa, maji yakimchuruzikia kwenye makubadhi. Sauti yake ni ya chini, na mgeni akiingia na mnyama, mnyama ndiye anayesemeshwa kwanza. Masoud wa duka la vyombo alimleta mbwa wake wa ulinzi kwa kamba ndefu, macho kayaelekeza kwingine kwa haya.

"Anajiburuza makalio sakafuni, daktari. Nimempa dawa ya minyoo, lakini wapi."

"Akijiburuza mara moja, muache. Akirudia kila siku, akawa anajilamba, au ukaona uvimbe au damu, usingoje." Akauinua mkia. "Hii si minyoo. Vifuko vya majimaji hapa kandoni mwa mkundu vimejaa, kimoja kinakaribia kupasuka. Mshike shingo nivikamue."

"Mimi? Tangu nimfuge sijapata kumgusa."

 Bwana mifugo alilichukua lile kopo, akaliweka karibu na Masoud, akasubiri. Masoud akakunja mikono ya kanzu, akapiga magoti, akamshika. Mbwa alilia kidogo, kisha akamlazia kichwa mkononi.

Kazi ilipokwisha, bwana mifugo aliteka maji, akafungua kopo. "Karibu unawe."

"Ngoja kwanza," alisema Masoud, mkono wake ungali shingoni mwa mbwa.